Farasi wa Dola 80

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema kwamba nyota njema huonekana alfajiri. Ni methali nzuri, nami nimeitumia mara nyingi katika maisha yangu. Lakini kadiri umri unavyosonga, ndivyo ninavyoona kwamba baadhi yetu tumeigeuza kuwa rungu la kuwapigia wenzetu. Mtoto akichelewa kuzijua herufi, twasema nyota yake haikuonekana. Kijana akishindwa kazi ya kwanza aliyopewa, twanong'onezana vivyo hivyo. Mfanyakazi aliyefikia makamo akiomba kujifunza kazi mpya, tunamcheka na kumwambia kwamba jua lake limekwisha pinda. Tunasahau kwamba alfajiri nyingine huwa na mawingu.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo hilo, na shahidi wangu si binadamu. Ni farasi mmoja aliyeishi Marekani, aliyenunuliwa mwaka 1956 kwa dola 80 akiwa tayari amekwisha pakiwa katika lori la kwenda machinjioni, naye baada ya miaka miwili akawa bingwa mbele ya macho ya matajiri wa New York. Kisa chake ni cha kweli. Lakini ili tukielewe, hatuna budi kwanza kuufahamu ulimwengu alioingia.

Wengi wetu tunaoishi mijini tunamjua punda kuliko farasi. Tunamwona akivuta mkokoteni wa maji au wa saruji, naye tunamhesabu kuwa chombo cha kazi. Katika nchi za Ulaya na Marekani farasi naye alikuwa hivyo hivyo kwa karne nyingi: alilima, alivuta magari, alibeba askari. Trekta na motokaa zilipochukua kazi yake, farasi wengi walikosa nafasi duniani. Waliobaki, aghalabu, walikuwa wa mbio, wa matembezi, na wa maonyesho.

Maonyesho ya farasi ni mashindano yanayofanyika kwa siku kadhaa katika uwanja mmoja, kisha watu na wanyama wao hufungasha virago na kuhamia uwanja mwingine. Kwa hiyo huitwa mzunguko, na wako watu ambao maisha yao yote ni mzunguko huo. Ndani yake mna mashindano ya namna nyingi. Katika baadhi, mwamuzi humtazama farasi umbo lake, mwendo wake na adabu yake, kisha hutoa hukumu kwa jicho lake. Katika mengine, hasa yale ya kuruka viunzi, hapana haja ya jicho la mtu kupendezwa. Farasi akiangusha mti, huandikiwa pointi 4 za makosa. Akigoma mbele ya kiunzi mara ya kwanza, pointi 4 nyingine. Kwa sheria za kimataifa za siku hizi, akigoma mara ya pili hutolewa nje, na mpanda farasi akianguka naye hutolewa. Wakati wa kisa chetu yalikuwako huko Marekani mashindano makali zaidi, ambamo hata kuugusa mti tu bila ya kuuangusha kulihesabiwa kuwa kosa.

Naomba uyakumbuke hayo, maana ndiyo yaliyomfungulia mlango farasi wetu. Mbele ya mwamuzi wa uzuri, farasi asiye na ukoo hana pa kushika. Lakini mti wa kiunzi hauulizi baba yako ni nani.

Mtazamaji aliyeketi jukwaani huona dakika moja na nusu au mbili za kuruka, kisha makofi, kisha utepe wa buluu, ambao huko Marekani ndio wa mshindi wa kwanza. Kazi iliyotangulia haioni. Farasi mkubwa ana uzito wa kilo 500 hivi. Kwa siku moja hula kilo 10 za majani makavu, na maji hunywa lita 30 au 40. Kila baada ya majuma sita au manane lazima aje fundi wa kwato, amvue viatu vya chuma, azichonge kwato na kumvisha upya. Saisi, yaani mtunza farasi, huamka kabla ya mapambazuko. Huzoa samadi, hulisha, hupiga brashi, husuka singa za shingo kwa ajili ya onyesho, hufunga miguu kwa bendeji, na jioni huikanda ile miguu kwa maji baridi. Usiku wengine hulala pale pale bandani, juu ya majani, ubavuni mwa mnyama.

Mpanda farasi naye hana raha. Asubuhi huruhusiwa kuingia uwanjani kwa miguu yake kuvikagua viunzi. Utamwona akipima kwa hatua masafa kutoka kiunzi hiki hadi kile, maana hatua moja ya farasi anayekwenda shoti ya wastani ni kiasi cha mita tatu na nusu, na kosa la nusu hatua laweza kumfikisha mnyama mahali pabaya pa kurukia. Farasi mwenyewe hapati nafasi hiyo. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, na akiisha kikaribia kabisa kiunzi, kile kilicho mbele ya pua yake hakioni sawasawa. Huruka kwa kumbukumbu, na kwa kumwamini aliyeko mgongoni.

Na yote hayo ni gharama. Kuna ada ya kuingia mashindanoni, kodi ya banda, petroli ya lori, malipo ya daktari wa mifugo. Mara nyingi zawadi anayoshinda mtu haitoshi kulipia safari aliyokwenda kuishindania. Ndiyo sababu mzunguko huu umekuwa kwa miaka mingi uwanja wa wenye mali, ambao huwanunua farasi kwa fedha nyingi na kuwaajiri wengine wawapande. Hata hivyo, kuna jambo moja la kuusifu. Katika kuruka viunzi wanawake na wanaume hushindana pamoja, kwa viunzi vile vile na kwa hesabu zile zile. Katika Michezo ya Olimpiki mlango huo ulifunguliwa kwa wanawake mwaka 1956, ambapo Pat Smythe wa Uingereza alishiriki na kuiwezesha timu yake kupata medali ya shaba.

Ni mwaka huo huo wa 1956, mwezi wa Februari, kisa chetu kinapoanza.

Alikuwako mwalimu mmoja wa kupanda farasi jina lake Harry deLeyer. Alizaliwa Uholanzi mwaka 1927, akayaona mateso ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia akiwa kijana, na mwaka 1950 akahamia Marekani na mkewe. Walifika wakiwa na fedha kidogo sana. Walianza kwa kufanya kazi katika shamba la tumbaku huko North Carolina. Baadaye deLeyer akapata kazi ya kufundisha kupanda farasi katika Knox School, ambayo wakati huo ilikuwa shule ya wasichana huko Long Island, karibu na jiji la New York. Alikuwa mfanyakazi wa mshahara, mwenye watoto wa kulisha.

Siku moja ya theluji alisafiri kwenda mnadani huko New Holland, katika jimbo la Pennsylvania, kutafuta farasi wapole wa kuwafundishia wanafunzi. Safari ikamchelewesha. Alipowasili mnada ulikuwa umekwisha, na farasi waliokosa mnunuzi walikuwa wamepakiwa katika lori la machinjioni. DeLeyer akachungulia kati ya mbao za lori. Akamwona farasi wa kijivu, mchafu, kifuani ana alama za kukwaruzwa na hatamu za plau. Macho yao yakakutana. Akaomba ateremshwe. Akamkagua meno na miguu, akaona kwamba ana umri wa miaka minane hivi na kwamba mwili wake, ingawa umechakaa, ni mzima. Wakapatana dola 80, na kuletewa nyumbani kukiwa ndani ya bei hiyo.

Farasi alipoteremshwa uani kwa mwalimu, manyoya yake yakiwa na theluji, watoto walitoka kumtazama. Alionekana kwao kama sanamu la theluji wanalolijenga watoto wa nchi za baridi, basi wakamwita Snowman, maana yake ni hilo hilo. Wakamwogesha, wakamkata singa zilizosokotana, wakampatia viatu vipya. Akapona. Akawa farasi mpole kupita wote, ambaye hata mtoto aliyeogopa aliweza kumpanda. Akaingia kazini, akawafundisha wasichana wa shule.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo wasimulizi wengi hukimbilia ushindi. Mimi nataka tusimame kidogo, maana kilichofuata si cha kumsifia deLeyer, na ndicho kilichonifanya niandike leo.

Mwalimu huyu mwema, aliyemwokoa farasi asichinjwe, alimuuza. Alikuwako daktari jirani aliyetaka farasi mtulivu wa familia, akatoa maradufu ya bei ya mnadani. Kwa mtu mwenye mshahara mdogo faida ile haikuwa ndogo. Tena hakumtupa, alimpeleka kwa watu wazuri wenye malisho mazuri. Ni nani kati yetu angemlaumu? Alimtazama Snowman kila siku kwa miezi, alikuwa bingwa wa kuwajua farasi, lakini alichokiona kilikuwa mnyama mpole tu wa kubebea watoto.

Snowman mwenyewe hakukubali. Asubuhi moja akaonekana amesimama uani kwa deLeyer. Daktari akaja akamchukua, akadhani mlango uliachwa wazi. Siku ya pili farasi akarudi. Ua wa malisho ya daktari ukaongezwa kimo, akarudi. Yasimuliwa kwamba mwishowe alifungwa tairi kwa kamba ili asiweze kuruka, naye akarudi akiliburuta. Alikuwa akiruka ua baada ya ua, mashamba ya watu, masafa yote hayo, bila ya mtu mgongoni wala mtu wa kumpigia makofi, kwa sababu alitaka kurudi nyumbani.

Hapo ndipo macho ya mwalimu yalipofumbuka. Farasi awezaye kuruka nyua zile kwa hiari yake hakuwa farasi wa kubebea watoto tu. DeLeyer akamchukua tena, akaapa kutomuuza, akaanza kumfundisha.

Mafunzo hayakuwa mepesi. Ajabu ya Snowman ni kwamba miti iliyolazwa chini alijikwaa nayo kama mlevi, hata watu wakacheka, lakini kadiri kiunzi kilivyoinuliwa ndivyo alivyokuwa mwangalifu. Baada ya maisha ya plau, kijiti kidogo hakikumshughulisha. DeLeyer akagundua jambo jingine: farasi huyu hakutaka kuvutwavutwa. Akamlegezea hatamu, akamwachia apime mwenyewe. Picha za miaka ile zinamwonyesha akiwa hewani, shingo ameinyoosha mbele, na hatamu zimelegea kabisa. Iko na nyingine iliyojulikana sana, inayomwonyesha akimruka farasi mwenzake aliyesimama wima.

Mwaka 1958 wakaingia katika mzunguko mkubwa. Wengine walikuja na masaisi, na farasi wenye vyeti vya ukoo wa vizazi vingi. DeLeyer alikuja na mkewe na watoto wake, nao ndio waliokuwa masaisi. Kazi yake ya shule hakuiacha. Juma lilipoanza alirudi kufundisha. Farasi wake naye hakuacha upole. Yasemwa kwamba siku moja hiyo hiyo aliweza kuongozwa kwa kamba uwanjani akiwa na mtoto mdogo mgongoni, katika shindano la watoto, kisha akaingia kuruka viunzi vya mabingwa.

Wakashinda huku na kule, hata ilipofika Novemba wakaingia Madison Square Garden, katika Maonyesho ya Taifa ya Farasi, yaliyoanzishwa mwaka 1883. Huo ulikuwa ukumbi wa watu wa suti nyeusi na vito. Mashindano yaliendelea usiku baada ya usiku, na makosa yakajumlishwa. Farasi wa plau akatwaa ubingwa wa kuruka viunzi. Mwaka huo huo chama cha maonyesho ya farasi cha Marekani kikamtaja kuwa Farasi wa Mwaka. Waliodhani ni bahati wakanyamazishwa mwaka 1959, aliporudi katika ukumbi ule ule na kushinda tena.

Sasa wakaja wenye fedha. Yasimuliwa kwamba tajiri mmoja alitoa hundi iliyo wazi, akamwambia deLeyer aandike mwenyewe kiasi anachotaka. Kumbuka kwamba mtu huyu alikuwa bado mwalimu wa mshahara, na watoto wake walikuwa wanaongezeka. Akakataa. Safari hii alijua anachokataa kukiuza. Snowman alistaafu mashindano mwaka 1962, akakaa nyumbani na watoto wa mwalimu, na mwaka 1969 akaletwa Madison Square Garden mara ya mwisho ili watazamaji wamuage. Alikufa mwaka 1974, akazikwa pale pale nyumbani. DeLeyer aliendelea kushindana hata uzeeni, akafariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 93.

Hicho ndicho kisa. Wengine wakikisoma watasema, tazama, juhudi haimtupi mtu. Ni kweli, lakini nadhani kina mafunzo mengine mawili yanayotuhusu zaidi sisi wenye familia.

La kwanza ni kwamba kumpenda mtu si sawa na kumjua. DeLeyer alimpenda Snowman tangu siku ya kwanza, na bado alimkosea. Sisi nasi tunawapenda watoto wetu. Tunawalisha, tunawavisha, tunauguza homa zao usiku. Kisha mmoja tunamwita mpole, mwingine mzito, mwingine mtundu, na tukiisha wapa majina hayo hatuwatazami tena. Mtoto anayejikwaa na miti ya chini huenda amechoshwa na udogo wake. Anayeruka ua kila siku hadi tukachoka kumchapa, huenda anatuonyesha kile anachokiweza. Mzazi mwenye busara, akiona ua umerukwa mara ya tatu, huuacha mkwaju chini akaupima kwanza ua wenyewe.

La pili ni zito zaidi, wala sitaki kulipamba. Lori lile halikuwa na farasi mmoja. Wengine waliendelea na safari, na majina yao hakuna ayajuaye. Labda kati yao alikuwako mwingine kama Snowman. Labda walikuwa farasi wa kawaida tu. Mwalimu alikuwa na nafasi ya mmoja na fedha za mmoja. Machinjio ya farasi ya mwisho huko Marekani yalifungwa mwaka 2007, lakini hata baada ya hapo farasi waliendelea kusafirishwa kwa malori hadi ng'ambo ya mipaka, Kanada na Meksiko, kwa ajili hiyo hiyo. Hatuna haki ya kumsifu aliyeteremshwa tukajifanya kwamba lori lilikuwa tupu.

Ndiyo maana siridhiki nikisikia mtu akisema kwamba mwenye kipaji atajitokeza tu mwenyewe. Snowman alijitokeza kwa kuruka nyua, ndiyo, lakini kabla ya hapo alihitaji mtu aliyechelewa mnadani, aliyetoka garini kwenye baridi, akachungulia kati ya mbao na kusema, mteremsheni huyo nimwone. Gharama yake ilikuwa dola 80 na dakika chache.

Juma hili linaloanza kesho, katika nyumba zetu na makazini kwetu, hapana shaka yuko mmoja tuliyekwisha mpakia lorini. Huenda ni binti aliyerudia darasa, huenda ni tarishi wa ofisi, huenda ni fundi mzee aliyeachishwa kazi mashine mpya zilipokuja. Simwambii mtu amtangaze kuwa bingwa. Namwomba amteremshe, amtazame meno na miguu, kisha amtazame tena baada ya mwezi.

Na wale wanaopenda kunikumbusha habari za nyota na alfajiri, nawaomba wakumbuke kwamba nyota ya Snowman ilionekana adhuhuri, naye aliyemnunua aliitazama mara mbili ndipo akaijua.

Jumapili njema.